Ushahidi wa Chuma Kilichovunjika

"Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii, msomaji, umeisikia tangu utotoni, na huenda umekwisha kuiandikia insha zaidi ya moja. Ni methali ya kweli. Lakini inayo sehemu ya pili isiyotamkwa, na sehemu hiyo wahandisi wa dunia walijifunza kwa thamani ya roho nyingi za watu. Nayo ni hii: kuziba ufa ni kazi mbili, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kuuliza ufa umetoka wapi. Ya pili ndiyo kuuziba. Mtu akiiruka ya kwanza na kuishika ya pili, ufa hurudi, na aghalabu hurudi mahali asipopatazamia.

Nataka tufuatane katika historia ya jambo hili, tukianzia katika mabehewa ya magari ya moshi yaliyovutwa juu ya reli katika karne ya 19. Huko ndiko binadamu alikolazimika, kwa mara ya kwanza, kukichukua chuma kilichovunjika na kukihoji kama shahidi mbele ya hakimu.

Kabla ya reli, vitu vilivyovutwa na punda, farasi au ng'ombe vilikwenda polepole. Mkokoteni ukivunjika, mwenyewe alishuka, akakaa kando ya njia, akamtuma mtu kwenda kumwita mhunzi. Hasara ilikuwa ya siku moja. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1830, reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester ilipofunguliwa nchini Uingereza. Sasa injini moja iliweza kuvuta safu ndefu ya mabehewa, yenye mamia ya watu, kwa mwendo ambao hakuna farasi aliyeweza kuudumisha. Uzito huo wote ulibebwa na ekseli, yaani zile nguzo nene za chuma zilizolala chini ya kila injini na kila behewa, zikishika gurudumu upande huu na gurudumu upande huu. Ekseli moja ikikatika, hakuna aliyepata nafasi ya kushuka na kumwita mhunzi.

Siku iliyolifunza jambo hilo kwa uchungu ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Mei, 1842. Watu wengi wa Paris walikuwa wamekwenda Versailles kutazama sherehe na chemchemi za maji katika bustani za mfalme Louis-Philippe. Jioni walipanda gari la moshi ili warudi mjini. Abiria walikuwa wengi, na gari lilikuwa refu, hata likawekewa injini mbili. Lilipofika karibu na Meudon, ekseli ya injini ya mbele ilikatika ghafula. Injini hiyo ikaanguka njiani. Ya pili ikaiparamia. Mabehewa yaliyofuata, yakisukumwa na uzito wao wenyewe, yakapanda juu ya zile injini, na makaa ya moto yaliyomwagika yakayawasha. Mabehewa yalikuwa ya mbao. Tena, kwa desturi ya reli za Ufaransa wakati huo, milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje, ili abiria wasishuke ovyo. Watu wasiopungua 55 walikufa, na wengi wao hawakutambulikana.

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo baharia mashuhuri, Jules Dumont d'Urville, pamoja na mkewe na mwana wao. Huyu alikuwa ameizunguka dunia kwa merikebu. Miaka miwili tu kabla ya siku hiyo, mwaka 1840, alikuwa amefika katika bara la barafu la Kusini, akaiona pwani ambayo aliipa jina la mkewe, Adélie. Dhoruba za bahari kuu na milima ya barafu hazikumwua. Aliuawa na kipande cha chuma kilichokatika katika safari fupi ya jioni, karibu na nyumbani kwake.

Ufaransa yote ilishtuka. Jambo moja lilirekebishwa upesi: desturi ya kuwafungia abiria kwa ufunguo ilikomeshwa. Marekebisho hayo yalikuwa ya haki, kwa maana sababu yake ilikuwa dhahiri kwa kila mtu. Lakini ile ekseli? Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Ekseli haikuwa imezidiwa na mzigo. Ilikuwa imeubeba mzigo wa namna ile siku baada ya siku bila kulalamika. Iweje chuma kilichoweza kubeba mzigo jana, na juzi, na mwezi uliopita, kishindwe na mzigo ule ule leo?

Wataalamu wengi wa wakati huo walitoa jibu moja. Walipoitazama sura ya mahali palipokatika, waliona chembechembe zing'aazo kama za sukari au chumvi, badala ya nyuzinyuzi walizozoea kuziona katika chuma kizuri cha mhunzi. Basi wakasema kwamba mtikisiko wa safari umekibadili chuma tabia yake: kwamba kilikuwa cha nyuzi, sasa kimegeuka kuwa cha chembe, kwa hiyo kimekuwa chepesi kuvunjika kama kioo. Lilikuwa jibu la kupendeza, kwa sababu lilieleza kila kitu. Lakini halikuwa la kweli. Tena lilikuwa na hatari yake. Ikiwa chuma hugeuka chenyewe ndani kwa ndani, basi fundi hana la kufanya ila kungoja na kuomba salama. Maelezo ya uongo, msomaji, hayakosei tu. Huifunga mikono ya mtu ambaye angeweza kutenda.

Mwaka 1843, kijana mmoja wa Uskoti, William John Macquorn Rankine, mwenye umri wa miaka 22 hivi, alipeleka maandishi yake mbele ya chama cha wahandisi huko London. Rankine hakuanza na nadharia. Alikuwa amevikusanya vipande vya ekseli zilizovunjika, akavitazama kimoja kimoja kwa makini. Aliona kwamba hazikukatika mahali popote tu. Zilikatika shingoni, pale ambapo ekseli nene hupunguzwa unene ili iingie katika kikalio chake, na pembe kali hubaki kati ya sehemu nene na sehemu nyembamba. Na zaidi ya hayo, aliona kwamba kuvunjika hakukuwa kwa ghafula. Palikuwa na ufa mwembamba, laini, ulioizunguka shingo yote na kupenya ndani yapata nusu inchi. Ufa huo ulikuwa umeingia kidogo kidogo siku nyingi kabla ya ajali. Chuma kizima kilibaki katikati tu, kikipungua kila siku, mpaka siku moja hakikutosha tena.

Basi dawa yake ikawa dhahiri. Rankine alishauri kwamba pembe ile kali iondolewe, na shingo ya ekseli itengenezwe kwa mviringo mpana, ili unene upungue taratibu badala ya kupungua kwa ngazi. Hakuagiza chuma kiongezwe, wala mzigo upunguzwe. Alibadili umbo. Si kila alichokisema juu ya tabia ya ndani ya chuma kilithibitishwa baadaye, lakini katika jambo hili la pembe alipiga msumari kichwani, na hata leo ekseli za mabehewa hutengenezwa kwa kanuni hiyo.

Labda, msomaji, ungependa kuyaona haya kwa macho yako. Chukua kipande cha waya wa chuma. Jaribu kukikata kwa kukivuta kwa mikono miwili: hutaweza. Sasa kipinde upande huu, kisha upande wa pili, tena na tena mahali pale pale. Baada ya mara chache kitakatika, ingawa kila ulipokipinda ulitumia nguvu ndogo kuliko ile iliyoshindwa kukivuta. Kweli, ekseli haipindwi sana hata jicho likaona, kama ulivyoupinda waya wako. Lakini hupindika kidogo sana chini ya uzito wa behewa, na kwa kuwa huzunguka pamoja na gurudumu, upande uliovutwa sasa hivi utasongwa nusu mzunguko baadaye, kisha utavutwa tena.

Hebu tufanye hesabu. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 likizunguka mara moja husogea mbele kadiri ya mita 3.14. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa kilomita 472 hivi. Kwa hiyo behewa lenye gurudumu kama hilo, katika safari moja tu ya kuja Nairobi, litazipinda na kuzipindua ekseli zake zaidi ya mara 150,000. Likisafiri mara 100, zitakuwa zimepindwa zaidi ya mara milioni 15. Wazee wetu walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Hawakuwa na reli, lakini tabia ya jambo hili waliijua. Wahandisi nao wakaipa jina: waliiita uchovu wa chuma.

Kulijua jina, hata hivyo, si kukijua kiasi. Rankine alionyesha mahali ufa unapoanzia. Lakini ekseli iweze kuzunguka mara ngapi kabla ya kukatika? Na iwekewe mzigo gani ili isikatike kamwe? Maswali haya yalijibiwa na Mjerumani mmoja aliyeitwa August Wöhler, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufa mwaka 1914. Alikuwa mkuu wa karakana za reli katika mji wa Frankfurt ulio kando ya mto Oder, katika ufalme wa Prussia. Ekseli zilikuwa zikivunjika katika reli za nchi yake pia, naye alitakiwa kutafuta sababu.

Ustahimilivu wa Wöhler ni mfano kwetu. Kwanza hakutaka kukisia ekseli hupindwa kwa nguvu gani safarini; aliipima. Alitengeneza chombo kilichofungwa chini ya behewa, chenye sindano iliyokwaruza alama juu ya bamba la zinki, na alama hiyo ilionyesha ekseli ilipindika kiasi gani behewa lilipokuwa likienda. Baada ya kupata kipimo cha kweli, alijenga mashine ndani ya karakana ambazo zilizungusha ekseli na vipande vya chuma huku zikivipinda kwa nguvu iliyopimwa. Mashine zilizunguka siku, wiki, na miezi. Vipande vingine vilizungushwa mamilioni ya mara. Matokeo aliyatangaza kwa sehemu, toka mwaka 1858 hadi mwaka 1870.

Aliyoyagundua yalikuwa mambo matatu makubwa. La kwanza, chuma huweza kukatika kwa nguvu iliyo ndogo sana kuliko ile iwezayo kukikata kwa mara moja, mradi nguvu hiyo irudiwe mara za kutosha. La pili, kadiri nguvu inayorudiwa inavyopunguzwa, ndivyo maisha ya ekseli yanavyorefuka. Na kwa chuma alichokipima, palikuwa na kiwango cha chini ambacho ekseli ikikaa ndani yake iliendelea kuzunguka bila kukatika. La tatu, pembe kali na mikwaruzo huyafupisha maisha hayo mno, kama Rankine alivyokwisha kusema. Toka hapo mhandisi hakuhitaji tena kungoja na kuomba salama. Aliweza kukaa mezani na karatasi yake, akaamua ekseli iwe na unene gani na itazamwe baada ya safari ngapi.

Ungedhani kwamba baada ya hapo ajali zingekwisha. Lakini elimu iliyoandikwa kitabuni haiingii yenyewe ndani ya karakana. Tarehe 24 Desemba, 1874, mkesha wa Krismasi, gari la moshi la kampuni ya Great Western lilikuwa likipita karibu na kijiji cha Shipton-on-Cherwell, nchini Uingereza. Abiria wa sikukuu walikuwa wengi mno, kwa hiyo behewa moja kuukuu liliongezwa nyuma ya injini. Gurudumu lake lilikuwa na pete ya chuma iliyoshikwa kwa ribiti, yaani misumari mifupi minene iliyopitishwa katika matundu. Pete ikakatika. Behewa hilo liliendelea kuvutwa, likiyumba, na pengine lingesimama salama. Lakini dereva alipoona mambo yameharibika, alifunga breki za injini mbele. Mabehewa mazito ya nyuma, yasiyo na breki ya pamoja, yakalisukuma behewa bovu na kulisaga. Mengine yakaporomoka chini ya tuta. Watu 34 walikufa.

Uchunguzi uliongozwa na Kanali William Yolland wa idara ya serikali ya ukaguzi wa reli. Hapa pana jambo la kujifunza. Ilikuwa rahisi kumlaumu dereva, na mambo yakaisha. Lakini uchunguzi haukukoma kwa mtu mmoja. Uliuliza kwa nini pete ilikatika, na kwa nini behewa moja bovu liliweza kuangamiza gari zima. Kutoka katika maswali hayo yalitoka mapendekezo mawili ya namna mbili. Kwanza, magurudumu ya aina ya Mansell yatumiwe, ambayo pete yake haikutobolewa matundu ya ribiti, kwa maana tundu ni mahali panapopendwa na ufa. Pili, mabehewa yawe na breki bora zaidi, maana breki za injini peke yake haziwezi kuisimamisha salama safu nzima iliyo nyuma yake. Uingereza ilichelewa kulitia jambo la breki katika sheria mpaka mwaka 1889, baada ya watu 80 kufa katika ajali nyingine huko Armagh, nchini Ireland. Ona basi: kujua sababu ni nusu ya kazi. Kuifuata njia baada ya kuijua ndiyo nusu ya pili.

Sasa natuiache reli kidogo, tutazame angani, kwa kuwa kosa ambalo nimekuonya juu yake tangu mwanzo, la kuziba kabla ya kuuliza, halikupata kuonekana wazi kama lilivyoonekana katika historia ya ndege iitwayo Comet. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege hii ilianza safari ya kwanza duniani ya abiria wanaolipa nauli katika ndege ya jeti. Ilitoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, nchini Uganda. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona ajabu hiyo. Ndege hiyo hiyo iliyofanya safari ile ya kwanza ndiyo iliyopasuka angani tarehe 10 Januari, 1954, karibu na kisiwa cha Elba nchini Italia, ikaanguka baharini na watu 35.

Ndege nyingine za Comet zilisimamishwa. Wahandisi wakakutana, wakafikiri kila kitu kiwezacho kuwa sababu: moto, injini, mitambo ya kuongozea. Mabaki mengi yalikuwa yangali chini ya bahari, na sababu ilikuwa haijajulikana. Lakini haja ya kuzirudisha ndege kazini ilikuwa kubwa. Basi wakafanya marekebisho mengi, kila moja likikusudiwa kuzuia sababu moja iliyodhaniwa, na tarehe 23 Machi ndege zikaruhusiwa kuruka tena. Siku 16 baadaye, tarehe 8 Aprili, Comet nyingine ilipasuka karibu na Naples, na watu 21 wakafa. Marekebisho yote yale hayakuugusa ugonjwa wenyewe.

Safari hii wachunguzi, wakiongozwa na Arnold Hall katika kituo cha utafiti cha Farnborough, walianza na swali. Walijenga tangi kubwa, wakaitia ndani yake Comet nzima iliyokuwa imekwisha kuruka, mabawa yakitokeza nje, wakaijaza maji. Kisha wakayasukuma maji yaingie ndani ya ndege kwa nguvu na kuyalegeza, tena na tena, ili kuiga hewa inayojazwa ndani ya ndege kila inapopanda juu. Walitumia maji kwa sababu hewa iliyosongwa hulipuka kama bomu na kuutawanya ushahidi, bali maji hayalipuki. Baada ya mara zaidi ya 3,000 kwa jumla, zile za angani na zile za tangini, ukuta wa ndege ulipasuka. Ufa ulianzia karibu na pembe ya uwazi wa ukutani. Wanamaji na wavuvi walipoyatoa mabaki ya Elba baharini, alama za uchovu zilionekana pia katika kipande cha paa, penye pembe ya dirisha dogo la chombo cha redio. Pembe! Ni adui yule yule aliyetajwa na Rankine miaka 111 kabla yake.

Comet mpya, iliyoimarishwa kwa kujua sababu, ilirudi angani mwaka 1958. Shirika la East African Airways, lililokuwa na makao yake Nairobi, lilianza kutumia ndege za aina hiyo mwaka 1960. Kati ya marekebisho ya Machi 1954 na yale yaliyofuata, tofauti haikuwa ya bidii, kwa maana mafundi walikuwa na bidii mara zote mbili. Tofauti ilikuwa ya kujua.

Lakini yafaa turudi relini, ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya wahenga tu. Tarehe 3 Juni, 1998, gari la moshi la mwendo wa kasi lilikuwa likienda Hamburg, nchini Ujerumani, kwa kilomita 200 hivi kwa saa. Katika behewa la kwanza nyuma ya injini, gurudumu moja lilikuwa na pete ya chuma iliyotenganishwa na sehemu ya ndani kwa mpira. Umbo hilo lilichaguliwa ili kupunguza mtetemo, nalo kweli liliupunguza. Lakini pete juu ya mpira hupindika kidogo kwa kila mzunguko, na ufa ulianza upande wake wa ndani, usioonekana na mkaguzi anayetazama kwa nje. Pete ikakatika. Kipande chake kilitoboa sakafu ya behewa mbele ya macho ya abiria. Abiria mmoja alikwenda kumwita mfanyakazi wa gari, naye alitaka kwanza kwenda kujionea, gari halikusimamishwa. Karibu na mji mdogo wa Eschede mabehewa yaliacha reli na kuigonga nguzo ya daraja, na daraja likaanguka juu yake. Watu 101 walikufa. Baada ya hapo magurudumu ya namna ile yaliondolewa, na mahali pake yakawekwa magurudumu ya kipande kimoja cha chuma.

Pete ya gurudumu mwaka 1874, na pete ya gurudumu mwaka 1998: katika zote mbili, behewa la kwanza nyuma ya injini. Mtu asome historia kwa nini, ikiwa si kwa ajili ya kuyaona mambo ya namna hii?

Sasa, msomaji, tukusanye tuliyoyapata. Wachunguzi wa leo wanapofika mahali pa ajali hufuata taratibu zilizotokana na historia hii. Hawaruhusu kipande kilichovunjika kisuguliwe wala kioshwe ovyo, wala nyuso mbili za palipokatika hazishikizwi pamoja ili kuona kama zinalingana, kwa maana zikigusana huufuta ushahidi. Kisha huusoma uso wa chuma. Sehemu iliyokatika kwa uchovu huwa laini, tena aghalabu ina mistari ya kupinda, mmoja baada ya mwingine, kama alama ambazo maji ya bahari huziacha mchangani yakipwa. Mistari hiyo hurudi nyuma mpaka mahali ufa ulipozaliwa. Sehemu iliyokatika mwishoni kwa ghafula huwa na chembechembe zing'aazo. Kumbe zile chembe zilizowadanganya wataalamu wa mwaka 1842 zilikuwa kweli, ila zilisimulia dakika ya mwisho tu ya hadithi. Ule mwanzo ulikuwa umeandikwa kando yake.

Na katika kutengeneza, kanuni ni zile zile. Huenda umeyaona matrela mazito yakivutwa na malori katika barabara ya Mombasa. Fremu ya trela hupata nyufa, hasa penye pembe, penye matundu, na kando ya mahali palipochomelewa. Fundi asiyeuliza huchukua bamba nene la chuma na kulichomelea juu ya ufa. Lakini ufa ungali hai chini ya bamba. Na bamba lenyewe, kwa ugumu wake, husukuma mzigo kwenye ncha zake, na baada ya muda ufa mpya huzaliwa hapo. Fundi anayeuliza hutafuta kwanza ufa unakoishia, maana mwisho wake huwa mwembamba kuliko unavyoonekana. Huusaga wote mpaka afike kwenye chuma kizima, ndipo achomelee, kisha husawazisha pasibaki ngazi wala pembe. Tena hutafuta kilichousababisha: je, mzigo ulizidi? Je, springi zimelegea, hata upande mmoja ukabeba kazi ya pande mbili? Na ikiwa hana budi kuungoja ufa kwa muda, huweza kutoboa tundu la mviringo mwishoni mwake, ili ncha kali igeuke kuwa duara. Hapo anafanya, pengine bila kujua, kazi ile ile ambayo Rankine aliwafundisha wahandisi wa London.

Usidhani kwamba somo hili ni la wahunzi na wahandisi peke yao. Utakapokuwa mganga, mwalimu, mkulima, au mtu mwenye mamlaka, nyufa zitakuja mbele yako, nyingine za chuma, nyingine za mambo ya watu. Utahimizwa uzibe upesi ili kazi iendelee. Watu watakupa majibu yanayoeleza kila kitu, na wengine watakuonyesha wa kulaumiwa. Wakati huo kumbuka zile siku 16 kati ya tarehe 23 Machi na tarehe 8 Aprili, 1954. Ziba ufa, kama wazee walivyoagiza. Lakini kabla ya kuuziba, uinamie, uutazame, uulize ulikoanzia. Kwa maana kilichovunjika hakina sababu ya kumwogopa mtu wala kumpendelea, na ushahidi wake, ukisikilizwa, ndio utakaowalinda watakaosafiri kesho.